Kifungu cha Sita

Mkataba wa nyumba, Section 58, kifungu cha sita:
hakuna mbwa, hakuna paka, hakuna kuku,
hakuna chochote kinachobweka, kulia au kuwika.
Nilikisoma mara tatu.
Mwenye nyumba hakuwa amefikiria buibui.

Ndiyo maana Jumamosi, nikitoka zamu ya usiku wodi ya watoto,
macho yamejaa mchanga wa usingizi,
nilifika Kiamunyi, nyuma ya duka la mbao,
kwa Gathirwa mwenye masanduku ya vioo
na kibali chenye muhuri, kimetiwa fremu,
kimetundikwa pale watu huweka picha ya harusi.

Hakunionyesha kitu. Aliuliza kwanza.
"Wataka wa kutazama au wa kushika?"
Wa kushika, nikasema.
"Basi nunua sungura."

Mmoja alikuwa rangi ya kutu iliyolowa mvua.
Kabla hatujamfikia aliinua miguu ya mbele
kama mtu anayekataa kupigwa picha.
Mzuri, jamani. Mzuri wa kukusahaulisha nauli.
"Huyo ana mbio. Ukifunua kifuniko,
utabaki na kifuniko.
Ni wa mtu aliyekwisha kosea mara nyingi."
Nikataka kumwambia makosa ninayo, ya kutosha,
ila yeye alikuwa akizungumzia mengine.

Wa pili aliishi juu ya gome, buluu ya wino wa shule.
Huyo alinionyesha kwa kidevu tu, akapita.

La tatu nilidhani ni sanduku tupu:
udongo, kigae cha chungu,
kizibo cha soda chenye maji.
Nje lori likashusha mbao, kioo kikatetemeka,
na kitu cha kahawia,
kahawia ya sweta la shule lililofuliwa mihula saba,
kikasogeza mguu mmoja.
Kikafikiri. Kikaurudisha.
"Jike," alisema Gathirwa. "Mpole, mvivu, hana makuu.
Akijaliwa, miaka ishirini."

Ishirini.
Ndoa yangu ilimaliza miezi kumi na minne.
Na kule wodini hatutaji miaka.
Mama akikushika mkono saa tisa usiku, akuulize,
unamwambia: tuone asubuhi.

Nilimbeba ndani ya kopo la aiskrimu,
nimelifunga leso, nimelipakata kwenye bodaboda.
"Ni keki?" dereva akauliza.
Ni keki.
"Basi nitayabembeleza matuta."

Udongo uwe mwingi, hewa juu iwe kidogo:
akipanda akaanguka, tumbo hupasuka kama nyanya.
Nyenje mmoja kwa wiki. Maji. Giza.
Usimwamshe umjulie hali.
Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Mwezi wa tatu akakataa nyenje.
Kisha usiku mmoja, upepo wa Menengai ukigonga mabati,
nikamkuta chali, miguu hewani, kimya.
Nimeona vifo. Nilienda kutafuta mfuko.
Nikampigia Gathirwa nimpe habari, si kumwomba ushauri.
"Chali?" Sauti yake ilijaa usingizi.
"Akifa hukunja miguu chini ya kifua. Huyo anavua nguo.
Usimguse. Hata usipumue karibu."

Nikaketi sakafuni, miguu uchi kwenye saruji,
mikono hii ya kupima homa, ya kugeuza, ya kufunika,
nimeikalia.
Saa nane. Saa kumi.
Ngozi ikapasuka taratibu, akaanza kujitoa humo
mguu kwa mguu, kama mtu avuaye soksi mbichi.
Mahali fulani mtoto wa jirani alilia, akanyamazishwa.
Sikuwa na la kufanya. Hakuna aliyeniita.

Kulipokucha walikuwa wawili:
mmoja mwepesi, mtupu, amesukumwa pembeni,
na mwingine mweusi kidogo, mkubwa kidogo,
amelowa, hataki salamu.

Mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi saa tatu.
Alichungulia nyuma ya bega langu.
"Unaishi peke yako bado?"
Nikatazama kigae.
Hakuna kinachobweka, nikamjibu.